Barua ya wazi: Mialo inayopotea ndani ya ripoti

KWA: Wakurugenzi Watendaji, Maafisa Uvuvi, Wakuu wa Vitengo vya TEHAMA na Waheshimiwa Madiwani wa halmashauri zinazopakana na Ziwa Victoria, Mkoa wa Mwanza

YAH: UPUNGUFU WA VIGEZO VYA KUCHUJA KATIKA RIPOTI ZA HIFADHIDATA

Ndugu Wakurugenzi, Waheshimiwa Madiwani,

Nawasalimu kwa heshima. Kazi yangu ni kutengeneza ripoti. Nachukua takwimu zilizomo kwenye hifadhidata na kuzipanga zisomeke: kilo zilizoshushwa mwaloni, yaani ufukweni ambako samaki hupokelewa, ushuru uliokusanywa, leseni zilizokatwa, vyombo vilivyosajiliwa. Karatasi ninazozizungumzia ndizo hizo mnazowekewa mezani kila robo mwaka. Naandika kwa sababu naona maamuzi yakifanywa juu ya karatasi hizo kana kwamba zimehesabu kila kitu, wakati zimehesabu kile tu kilichopita kwenye kichujio. Na hakuna mstari hata mmoja unaomwambia msomaji ni nini hakikupita.

Mtu akifungua ripoti kwenye mfumo, kabla hajaona chochote huletewa visanduku vya kujaza: wilaya, mwalo, aina ya samaki, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Hivyo ndivyo vigezo. Programu huchukua alichochagua, hukiingiza kwenye ombi linalopelekwa kwenye hifadhidata, na rekodi zinazolingana nacho hurudi zikiwa zimepangwa. SQL Server Reporting Services ya Microsoft, programu ya kutengeneza ripoti iliyotoka mwaka 2004, hufanya hivyo. Crystal Reports na JasperReports nazo hufanya hivyo, na dashibodi za siku hizi zenye chati za kila rangi hazijabadilisha msingi huo. Ni utaratibu mzuri. Bila huo tungehitaji ripoti mpya kwa kila mwalo. Lakini kigezo kina swali moja tu la kuuliza: rekodi hii inalingana na kilichochaguliwa? Ikilingana inabaki, isipolingana inatoka. Rekodi isiyo na jibu, kwa kuwa kisanduku chake hakikujazwa, hutupwa pamoja na zile zisizolingana. Na mwalo usio na rekodi yoyote ya kulinganishwa hauulizwi kabisa.

Nilikuwa kwenye kikao kimoja, sitataja cha wapi, ambapo ripoti ya sangara ilionyeshwa ukutani. Aliyekuwa kwenye kompyuta alichagua wilaya, akachagua "Sangara", akaweka miezi mitatu. Ikatoka orodha safi kabisa, mialo imepangwa kuanzia wenye kilo nyingi. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia rasilimali za uvuvi mwaloni, wa kisiwa kimoja alikuwa ameketi nyuma. Akautafuta mwalo wake, akaisoma orodha kutoka juu hadi chini, akarudia tena. Haukuwepo. Sifuri ungeweza kuwa nayo na asingelalamika, lakini jina lenyewe halikuwepo. Kabla hajasema neno akaulizwa mbele za watu kwa nini mwalo wake hauleti taarifa. Mzee yule akatoa daftari kwenye mfuko wa nailoni, kurasa zimevimba kwa unyevu, akalifungua mezani. Kila siku ya uvuvi ilikuwa imeandikwa: dagaa, ndoo kadhaa, jina la chombo, saini. Mwalo wake ni wa dagaa. Taarifa zote zilikuwa zimepelekwa na zilikuwa ndani ya hifadhidata ileile. Ila kwa sangara hawakuwa na kitu, na ripoti ikaugeuza ukosefu wa sangara kuwa ukosefu wa mwalo.

Sababu yake ya kiufundi ni fupi. Aliyetengeneza ripoti aliunganisha jedwali la mialo na jedwali la mavuno, akatumia aina ya muungano inayobakiza mialo yote hata isiyo na mavuno. Mpaka hapo sawa. Kisha akaweka sharti la aina ya samaki kwenye sehemu ya WHERE, yaani baada ya muungano kukamilika. Sharti hilo likaitafuta "Sangara" kwenye kila mstari, na mistari ya mialo isiyo na rekodi ya sangara ikaanguka yote. Muungano uliokusudiwa kulinda mialo ukawa hauna kazi. Sharti hilohilo lingewekwa ndani ya muungano wenyewe, mwalo wa mzee yule ungebaki kwenye orodha na sifuri yake. Ni kuhamisha mstari mmoja. Haihitaji zabuni wala bajeti ya ziada.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo panapoumiza watu zaidi. Mwalo usioonekana kwenye ripoti unaweza kuwa katika hali tatu: ulileta taarifa na haukupata samaki wa aina hiyo, haukuleta taarifa, au umefungwa. Kila hali ina uamuzi wake. Wa kwanza unahitaji kueleweka, maana mavuno ya aina moja yakikosekana kwa muda mrefu hiyo yenyewe ni habari kwa watafiti wa TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, na kwa wanaopanga siku za kupumzisha maeneo. Wa pili unahitaji karani, au simu, au mafuta ya boti ili mtu afike. Wa tatu hauhitaji kitu. Kwenye ripoti ya vigezo zote tatu zinafanana kabisa, maana hakuna kilichochapishwa. Mwalo ukikosekana kwenye orodha robo mbili mfululizo, nani atakumbuka kuupangia chanja za kukaushia dagaa, choo, au taa ya ufukweni? Ombi langu la kwanza ni kwamba kila ripoti ya mialo ianze na orodha kamili ya mialo yenu, kisha mavuno yafuate, na pawe na safu inayosema taarifa imepokelewa au haijapokelewa.

Nafasi tupu ni ndugu wa tatizo hilo. Karani mwaloni, mvua inanyesha, wavuvi wanamharakisha, anaruka kisanduku kimoja na kuendelea. Kwenye hifadhidata kisanduku hicho kinakuwa NULL, na kwa kanuni za SQL, lugha ya kuiulizia hifadhidata, NULL hailingani na kitu chochote, hata na NULL nyingine. Ukichuja vyombo vyenye injini hutaipata rekodi hiyo. Ukichuja vyombo ambavyo si vya injini hutaipata pia. Jumlisha ripoti hizo mbili na jumla itakuwa pungufu ya vyombo vilivyosajiliwa, na hakuna atakayejua vimekwenda wapi, kwa sababu kila ripoti ikisomwa peke yake inaonekana kamili.

Kuna baya zaidi, nalo wengi hawalijui. Kwenye Reporting Services, kigezo kinachokuruhusu kuchagua vitu vingi kwa pamoja hakikubali NULL kuwa mojawapo ya chaguo. Kwa hiyo afisa anapobofya kuchagua vyote, akiamini ameondoa kichujio, ukweli ni kwamba amechagua vyote vyenye jina. Visivyojazwa vimebaki nje, naye hana njia ya kuvirudisha kutoka kwenye skrini ile.

Sasa tuliweke hili kwenye jambo la fedha. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Tuseme mnataka kujua ni wanawake wangapi wanamiliki vyombo au wanachakata dagaa kwenye mialo yenu, ili elimu ya mikopo ipelekwe huko. Ripoti inachujwa kwa jinsia. Mwanamke ambaye karani aliruka kisanduku chake hayupo kwenye orodha ya wanawake, na wala hayupo kwenye ya wanaume. Kwa mfumo, hakuna mtu. Yeye yuko ufukweni, anageuza dagaa kwenye mchanga tangu asubuhi, anasubiri kuitwa kwenye mafunzo ambayo hataitwa. Kila kigezo kiwe na chaguo la "haijajazwa", lionekane kwa jina, lihesabiwe kama machaguo mengine. Likionekana kubwa, hapo ndipo mtajua pa kupeleka mafunzo ya makarani.

Tarehe nazo zina mambo yake, na kwa ziwa letu yamezidi. Chukua lililo la kawaida kabisa. Mtu anajaza kuanzia 1 Juni hadi 30 Juni. Programu inaisoma 30 Juni kuwa 30 Juni saa sita kamili usiku, dakika ile siku inapoanza. Kama safu ya tarehe ina saa ndani yake, yote yaliyokusanywa siku hiyo baada ya dakika hiyo yanabaki nje. Ni siku nzima ya mwisho wa mwezi, na mwezi wenyewe ni wa kufunga mwaka wa fedha. Sharti linatakiwa liwe kuanzia 1 Juni na kabla ya 1 Julai. Mafundi wanalijua hili tangu zamani, na bado nakutana na ripoti mpya zenye kasoro ileile.

Halafu kuna saa. Mifumo mingi hutunza muda kwa saa za dunia, UTC, zilizo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Si vibaya, mradi ripoti iugeuze muda kuwa wa Afrika Mashariki kabla ya kuchuja. Isipougeuza, kila kilichoandikwa kati ya saa sita na saa tisa usiku kinahesabiwa kuwa cha jana. Kwa ofisi inayofungwa saa tisa na nusu alasiri hakuna atakayeona tofauti. Kwa mwalo wa dagaa ni jambo kubwa, maana dagaa huvuliwa usiku, kwa taa, siku za giza. Boti iliyosomba dagaa kutoka kwa wavuvi inafika saa nane usiku. Karani yupo na simu yake na tochi kichwani, ndoo zinapita, anaandika, anakata risiti kwenye mashine. Muda unaohifadhiwa kwenye seva ni saa tano usiku wa siku iliyopita. Ukiwa usiku wa kuamkia 1 Julai, ushuru wa ndoo zile unahesabiwa ndani ya mwaka wa fedha uliokwisha. Mhasibu atalinganisha na makusanyo yaliyopelekwa benki, hesabu hazitafunga, na wa kwanza kutiliwa shaka atakuwa yule aliyekesha ufukweni.

Na ni tarehe ipi inayochujwa? Rekodi moja inaweza kuwa na tarehe ya samaki kushushwa, tarehe ya kuandikwa kwenye simu, na tarehe ya kufika kwenye seva. Kwa Mwaloni Kirumba, mwalo wa mjini Mwanza, tatu hizo huwa siku moja. Kwa mwalo wa visiwa vya Ukara, Kome au Maisome, mtandao ukigoma, taarifa zinakaa kwenye simu hadi karani afike penye mnara. Ripoti inayochuja kwa tarehe ya kufika kwenye seva itawaonyesha watu wa visiwani kuwa hawakufanya kazi wiki ya kwanza, kisha wiki ya pili wakavua maradufu. Ile inayochuja kwa tarehe ya kushushwa ni ya haki zaidi, ila jumla yake hubadilika kadiri taarifa zinavyoendelea kufika: ukiichapa tarehe 5 na ukaichapa tena tarehe 20 kwa vigezo vilevile, utapata namba mbili. Zote mbili ni sahihi kwa siku zilipochapwa. Ndiyo maana nasema karatasi isiyo na siku na saa ya kuchapwa, pamoja na jina la tarehe iliyotumika kuchuja, isikubaliwe kikaoni.

Kuna kalenda nyingine ambayo hakuna programu niliyoiona inaijua. Mvuvi wa dagaa huhesabu kwa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa vizuri, basi watu hupumzika, hushona nyavu, hurekebisha injini. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo giza linateleza ndani ya kalenda, halikai kwenye tarehe zilezile. Kigezo cha "wiki hii ikilinganishwa na wiki iliyopita" kinalinganisha giza na mbalamwezi. Nimewahi kusoma chini ya jedwali la namna hiyo maelezo kwamba mavuno yameporomoka na doria ziongezwe, wakati wiki yenyewe ilikuwa ya mwezi mpevu na wavuvi walikuwa majumbani. Doria dhidi ya makokoro, nyavu za kukokota, nina haja nazo kama yeyote aliyeona samaki wachanga wakimwagwa ufukweni, lakini zipangwe kwa sababu ya kweli. Tiba ni jedwali la kalenda ndani ya hifadhidata, lenye safu ya giza na mbalamwezi na safu ya mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai, ili afisa aweze kuchuja kwa vipindi ambavyo ziwa linavifuata. Sasa hivi anayechagua "mwaka 2024" hupewa Januari hadi Desemba bila kuulizwa alitaka mwaka upi, na robo ya kwanza ya programu ni Januari hadi Machi wakati yetu ni Julai hadi Septemba.

Mipaka ya utawala nayo husogea, na kichujio hakisogei nayo. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Mwanza, Kagera na Shinyanga. Mwaka huohuo Ilemela ikapata manispaa yake ikitoka kwenye Jiji la Mwanza. Baadaye Buchosa ikatengwa na Halmashauri ya Sengerema. Sasa mtu anataka kuona mwenendo wa muda mrefu, anachagua mkoa "Mwanza". Ikiwa kila rekodi imehifadhi jina la mkoa kama lilivyokuwa siku ile, mchoro utaporomoka mwaka 2012, na mgeni asiyejua historia ataandika kwamba samaki wametoweka. Ikiwa mkoa unatokana na orodha ya sasa ya mialo, mialo ya Geita itaondolewa hadi kwenye miaka ilipokuwa ya Mwanza, na ripoti mpya haitalingana na zile zilizochapwa zamani zikapigwa muhuri. Kila njia ina swali inalolijibu vizuri. Kisanduku kilichoandikwa "Mkoa" hakimwambii mtu kinalijibu lipi. Vyema pawe na vigezo viwili, mipaka ya wakati ule na mipaka ya sasa, na kila kimoja kiandikwe hivyo.

Majina ya mialo nitayapitia haraka. Kirumba, KIRUMBA, Mwaloni, Mwaloni Kirumba: kwa hifadhidata ya PostgreSQL hayo ni majina manne, kwa ile ya SQL Server yenye mpangilio wa kawaida ni matatu, kwa mchuuzi ni mahali pamoja. Mpeni kila mwalo namba yake, watu wachague kutoka kwenye orodha, mtu asiandike jina kwa mkono. Ukomo nao upo: hifadhidata ya Oracle kwa miaka mingi ilikuwa ikikataa orodha ya zaidi ya vitu 1,000 ndani ya sharti moja, na SQL Server haipokei zaidi ya vigezo 2,100 kwenye ombi moja. Kwa mialo hamtafika huko, ila kwa namba za vyombo vya mkoa mzima inawezekana, na fundi asiyejua hilo ataikata orodha vipandevipande na kukisahau kimoja.

Lililo karibu na hilo ni namna masharti yanavyoungana. Vichujio vinavyowekwa kwenye ripoti ya Reporting Services huunganishwa vyote kwa "na". Ukitaka vyombo visivyo na leseni AU vyenye leseni iliyokwisha, huwezi kuvipata kwa kuongeza masharti mawili tu pale. Programu itatafuta chombo ambacho hakina leseni na hapohapo kina leseni iliyokwisha, ikuletee ukurasa mtupu. Ukurasa mtupu wa wasio na leseni unafurahisha sana kwenye kikao, na hiyo ndiyo hatari yake. Sharti la namna hiyo linapaswa kuandikwa kwenye ombi lenyewe au kama kanuni moja iliyoshika mambo yote mawili.

Watumishi wa visiwani huniuliza mara kwa mara kwa nini ripoti ya mwalo mmoja wenye rekodi chache inachukua muda sawa na ya wilaya nzima. Mara nyingi ni kwa sababu kuchuja kunafanyika mahali pasipofaa. Sharti likiwa ndani ya ombi, hifadhidata hurudisha rekodi za mwalo huo tu. Likiwa kwenye kichujio cha ripoti, hifadhidata hutoa kila kitu, seva ya ripoti hukipokea chote, kisha ndipo hutupa kisichotakiwa. Crystal Reports nayo ikikutana na kanuni isiyoweza kuigeuza kuwa SQL, huvuta rekodi zote na kuzichambua upande wake. Mtu aliyeko Nansio, kisiwani Ukerewe, akichoka kusubiri hupakua faili la Excel la mwezi uliopita na kuchuja mwenyewe. Kuanzia hapo kila ofisi ina namba zake, na kikao kinageuka mabishano ya faili la nani ni sahihi.

Jambo la mwisho la kiufundi ni la usalama, na hapa nawasihi kwa uzito wote. Kuna ripoti zinazotumia kigezo kilichofichwa ili afisa wa halmashauri moja asione ya nyingine. Kisanduku hakionekani kwenye skrini, lakini kwenye Reporting Services kigezo kilichofichwa bado hupokea thamani kupitia anwani ya ukurasa. Anayejua kubadilisha tarakimu mwishoni mwa anwani hiyo anaweza kufungua orodha ya halmashauri jirani: majina ya wamiliki, namba za simu, leseni. Kuficha kisanduku si kufunga mlango. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika 1 Mei 2023, na wajibu wa kulinda taarifa za wavuvi ni wa taasisi inayozitunza. Ulinzi huo ukae ndani ya hifadhidata, kwa kanuni zinazozuia mistari kulingana na aliyeingia. PostgreSQL ina uwezo huo tangu toleo la 9.5, SQL Server tangu toleo la 2016. Mtumishi akiandika chochote kwenye anwani, hifadhidata itampa mistari yake tu.

Najua jibu ambalo baadhi yenu mtapewa na wauzaji: nunueni dashibodi mpya. Nimefanya kazi na mpya na za zamani. Dashibodi mpya ikiunganishwa na majedwali yaleyale kwa sharti lililokaa mahali palepale, mwalo wa mzee yule utapotea kwa rangi nzuri zaidi. Mvuvi anayechagua wavu anajua macho yake ni ya inchi ngapi na samaki gani atapita; anayesoma ripoti ana haki ya kujua hivyohivyo. Kabla ya kununua, fanyeni hesabu ya kufunga. Chapeni ripoti moja bila kichujio chochote. Kisha chapeni ileile kwa kila chaguo la kigezo kimoja, kwa mfano kila wilaya, mjumlishe. Jumla mbili zisipolingana, tofauti yake ndiyo rekodi ambazo mmekuwa mkifanya maamuzi bila kuziona. Mtakwimu na kikokotoo wanaweza kuifanya kazi hiyo, haihitaji mtaalamu kutoka nje ya mkoa.

Na kwa mikataba ijayo, naomba zabuni za mifumo mnazozitangaza kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma, ziwe na sharti la majaribio kabla ya malipo ya mwisho. Mkandarasi awekewe takwimu za mtego: mwalo uliosajiliwa usio na mavuno hata kilo moja, mmiliki ambaye jinsia yake haikujazwa, ndoo za dagaa zilizoandikwa saa nane usiku wa kuamkia 1 Julai, makusanyo ya jioni ya 30 Juni, mwalo uliohama kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, jina moja la mwalo lililoandikwa kwa namna mbili. Achapishe ripoti zake mbele ya afisa uvuvi na mwenyekiti mmoja wa BMU. Kila kitu kati ya hivyo kionekane mahali pake, au kihesabiwe waziwazi chini ya ukurasa kuwa kimeachwa na kwa sababu gani. Kisipoonekana, kazi haijakabidhiwa.

Zile ripoti mlizonazo tayari, sizitaki zisimame kusubiri mfumo mpya. Vitengo vya TEHAMA viagizwe viongeze chini ya kila ukurasa mistari michache: vigezo vilivyochaguliwa, safu ya tarehe iliyotumika, siku na saa ya kuchapwa kwa saa za Afrika Mashariki, idadi ya rekodi zilizoingia, idadi ya zilizoachwa nje kwa kuwa hazijajazwa, na idadi ya mialo isiyo na rekodi pamoja na majina yake. Naomba agizo hilo litoke kabla ya ripoti za robo inayofuata kuwasilishwa, na Waheshimiwa Madiwani mnaotoka kata za visiwani mlidai kikaoni. Ripoti ikiletwa bila mistari hiyo, irudishwe kwa aliyeileta.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtengeneza ripoti,
Mwanza